Mfalme Mwenye Tranka

Wewe ulikuwa nani kabla kengele ya shule haijalia?

Jibu. Usitazame chini.

Mwaka 1951 mwandishi C. S. Lewis alitoa kitabu chake cha pili cha Narnia, Prince Caspian, na akakianzia stesheni ya reli. Watoto wanne, Peter, Susan, Edmund na Lucy, wamekaa na matranka yao wakisubiri treni za kuwapeleka shule za bweni, wasichana kwao, wavulana kwao. Wamenuna. Ungepita pale usingewatupia jicho mara mbili.

Kumbe hao ni wafalme na malkia! Katika kitabu cha kwanza walitawala Narnia, nchi ya ajabu, miaka mingi mpaka wakawa watu wazima. Peter aliua mbwa mwitu kwa upanga wake mwenyewe. Kisha wakapita tena kwenye lile kabati la nguo lililowapeleka huko, wakajikuta watoto vilevile, dakika ileile waliyoondoka. Hakuna hata aliyegundua kwamba walitoka.

Sasa aliyeongoza majeshi anakwenda kuambiwa na kiranja achomekee shati.

Unacheka? Jicheke mwenyewe.

Wewe uliyevusha wadogo zako mto umejaa. Wewe uliyemfukuza fisi zizini kwa kijinga cha moto. Wewe uliyejaza madaftari matatu kwa ramani za nchi ambazo hakuna mwingine aliyewahi kuzifikia. Umefika kidato cha kwanza, umepewa namba, ukachagua dawati la nyuma, ukaufyata. Eti hapa hawanijui. Eti hapa si kwetu.

Hawakujui, ndiyo. Umewaonyesha nini?

Kitabu cha tatu, cha mwaka 1952, kina safari ya meli mpaka mwisho wa dunia. Edmund na Lucy wamo. Peter hayumo. Unajua yuko wapi?

Anapiga msuli!

Mfalme Mkuu mzima anasomea mtihani, anafundishwa na Profesa Kirke, yule mzee mwenye nyumba iliyokuwa na lile kabati, ambaye sasa amefilisika na anaishi katika kijumba kidogo. Hakusema, "Mimi niliyeua mbwa mwitu, mtihani wa nini?" Alikaa, akafungua kitabu. Wewe unasubiri nini? Unasubiri mlango ufunguke ukutani ndipo uwe jasiri? Muhula hausubiri. Tarehe ya mtihani inajulikana, na wewe bado unaota.

Mimi, hata hivyo, shujaa wangu si Peter. Ni Eustace, binamu yao.

Eustace alianza safari ile ya meli akiwa mtoto wa ovyo kabisa, mlalamishi, mchoyo. Akageuka joka. Akarudi mtu. Halafu, kama adhabu, akarudishwa shule ileile yenye wanyanyasaji walewale. (Lewis mwenyewe aliichukia shule ya bweni. Alijua anachokiandika.) Katika The Silver Chair, kitabu cha mwaka 1953, tunamkuta mwanafunzi mwenzake, Jill Pole, analia nyuma ya jengo la mazoezi kwa sababu wenzake wamemtesa. Nani anamtokea? Eustace. Hana upanga, hana meli, hana mfalme wa kumtetea. Muhula ule alikuwa ameshakabiliana na mwonevu mmoja kwa ajili ya sungura. Sungura! Na sasa anamfanyia nini Jill?

Anampa peremende.

Na yeye mwenyewe anakula moja.

Soma tena hapo. Aliyewahi kuwa joka hakuanza kwa hotuba, wala hakungoja achaguliwe kaka mkuu. Alianza na kilichokuwa mfukoni. Na wewe una zaidi ya hicho. Una mkono wa kunyoosha darasani. Una mdomo wa kusema "Muacheni!" Una saa moja kabla taa za bweni hazijazimwa. Una miguu iliyozoea kutembea kilomita nyingi alfajiri, halafu unaniambia huwezi kutembea hatua kumi hadi ubaoni?

Unaweza. Uliweza jana, gizani, bila kushangiliwa na mtu.

Edmund alipojikuta tena stesheni baada ya safari yao ya pili ya Narnia, mwishoni mwa Prince Caspian, alilalamika kwamba amesahau tochi yake mpya kule Narnia. Hakulilia taji. Alililia tochi! Halafu ilibidi waende shule.

Na wewe ingia. Leo, si muhula ujao. Nyuma ya bweni lenu kuna mtu analia sasa hivi.

Mfukoni una nini?