KIJANA, USITIE SAHIHI KWA NJAA!

Ndugu kijana, gari limekugonga ukiendesha baiskeli. Mguu umevunjika. Leo mtu wa bima amekuja na karatasi na pesa kidogo: "Weka sahihi tu, yaishe." Je, utafanyaje?

Njaa itasema chukua. Hasira itasema kataa, umkomeshe dereva. Hao wote wawili ni washauri wabaya! Ukishatia sahihi kwamba umelipwa yote, mguu ukiharibika kesho ni shauri yako. Kwanza daktari aseme utapona kiasi gani. Hapa Kenya sheria inakupa miaka 3 kufungua kesi. Usikimbie, lakini usilale!

Msamehe dereva leo. Hiyo ni ya moyoni. Gharama ya mguu ni haki yako, idai. Kama ulikuwa huna taa usiku, sema kweli. Malipo yakitosha, pokea, mpeane mikono.