Usimwondokee Kimya Kimya



Ndugu zangu katika imani, siku niliyokuja chuoni hapa Huye niliondoka nyumbani Biryogo kabla mdogo wangu hajaamka. Ana miaka 11, na ana usonji. Nilijiambia namwepushia kilio. Kusema kweli, niliikimbia kazi ya kumuaga.

Mama alinipigia simu. Kila ikikaribia Magharibi mtoto alishika kandambili zangu na kukaa mlangoni, maana ndiyo saa tuliyokuwa tukienda msikitini pamoja. Chakula hataki. Jirani akasema ni jini, aitwe mtu amsomee. Kumsomea Qur'ani ni kheri siku zote, ila aliyemtesa yule mtoto nilikuwa mimi.

Wengi wenye usonji hushikilia mpangilio wa siku kama sisi tunavyoshika ukuta gizani. Ukiuondoa ghafla, wanaanguka.

Bi Aisha, radhiya Llahu anha, katika hadithi aliyoipokea Bukhari, anaeleza kwamba zilianza kushuka sura za kutaja Pepo na Moto. Watu walipotulia katika Uislamu ndipo zikaja halali na haramu. Lau lingetangulia katazo la pombe, anasema, wangesema hawataiacha kamwe. Na pombe yenyewe ilikatazwa kwa hatua: al-Baqara 219, kisha an-Nisaa 43, kisha al-Maida 90. Hao ni Masahaba, watu wazima, na Mola wao aliwapeleka polepole. Mimi nilimtaka mtoto avuke kwa usiku mmoja!

Likizo ilipofika nilichora kalenda kwenye boksi: siku za nyumbani kijani, siku za Huye nyekundu. Kila jioni alifuta moja. Wiki ya mwisho Baba alifuatana nasi msikitini, ili nikiondoka njia na saa vibaki vilevile. Mkoba niliupanga mbele yake. Nikampeleka Nyabugogo akalione basi. Siku ya safari alilia, lakini usiku alikula, na sasa nampigia simu kila baada ya Magharibi.

Ramadhani inakaribia, na daku, futari na Tarawehe zitageuza nyumba nzima. Mwenye ndugu kama huyu aanze Shaaban hii.

Tena huenda hapa chuoni tuna mwenzetu ambaye tukihamisha darsa bila taarifa haonekani tena, nasi tunamwita mvivu. Ndugu Amiri, ukumbi wa darsa za Ramadhani utangazwe wiki hii.

Wabillahi tawfiq.