Fedha za Benki: Amana au Deni?

Katika miji yetu ya pwani, mtu akiuza shamba au akipata fungu lake la urithi, aghlabu fedha zote huzipeleka benki moja, kisha akasema: "Nimeweka amana yangu, na Mwenyezi Mungu ndiye mlinzi." Akishauriwa azigawe katika benki mbili tatu, huona anafundishwa wasiwasi. Wako hata wasemao kuwa kufanya hivyo ni upungufu wa kutawakali. Mas-ala haya yataka kutazamwa vizuri, kwani kosa lake laanzia katika neno lenyewe la amana.

Amana katika sheria yetu ni kitu kilichokabidhiwa mtu akihifadhi, na kitu kile kile ndicho kirudishwacho; aliyekabidhiwa hana ruhusa ya kukitumia, wala halipi kikipotea pasina uzembe wake. Benki haifanyi hivyo. Fedha tuzipelekazo huchanganywa na za wengine, zikakopeshwa wafanyabiashara na Serikali, na benki ikabaki na dhima ya kutulipa kiasi chake. Wanavyuoni wengi wa zama hizi wamelihisabu jambo hilo kuwa ni deni, hata kama karatasi za benki zimeandikwa "amana" kwa herufi kubwa. Na akaunti za mudharaba katika benki za Kiislamu ni ushirika wa biashara, ambao khasara yake humwangukia mwenye mali. Huko nako hakuna sanduku lenye noti zetu.

Basi twauliza: ni nani mwenye akili timamu awezaye kumkopesha mtu mmoja mali yake yote, kwa sababu duka lake lina vioo vizuri?

Tumeyaona kwa macho. Katika muda wa miezi isiyotimia tisa benki tatu zilifungwa hapa Kenya: Dubai Bank mwezi wa Agosti 2015, Imperial mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, na Chase mwezi wa Aprili 2016. Chase ilikuwa na sehemu yake ya Kiislamu, na jina hilo halikuizuia kuanguka. Wakati huo bima ya serikali ilimdhamini mtu kwa shilingi 100,000 tu. Wenye mali nyingi ndani ya Imperial walikaa miaka wakingoja, na mwaka wa 2021 benki hiyo ikatiwa katika ufilisi.

Tangu Julai 2020 dhamana ya shirika la KDIC imekuwa shilingi 500,000 kwa kila mtu katika kila benki. Aliyeweka 2,000,000 mahali pamoja, benki ikianguka, huwa na hakika ya robo yake. Zilizobaki hungojea mali za benki ziuzwe. Lau angaliziweka katika benki nne, kila moja isizidi kiwango hicho, zote zingalikuwa chini ya dhamana. Lakini wengi hukosea hapa: akaunti tatu katika benki moja huhisabiwa kuwa ni moja, na tawi la Mombasa na la Malindi ni benki ile ile. Tena benki huungana, kama zilivyoungana NIC na CBA mwaka wa 2019 zikawa NCBA. Aliyekuwa na fedha katika zote mbili akajikuta yumo katika moja.

Ama kutawakali, na tumkumbuke Nabii Yaaqub (a.s.), aliyewakataza wanawe kuingia mjini kwa mlango mmoja, akawaamrisha waingie kwa milango mbalimbali, na papo hapo akakiri kuwa hukumu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Tahadhari na tegemeo vilikaa katika kifua kimoja, wala hapana kilichomfukuza mwenziwe.

Mwenye mali yake akitaka kuiweka pamoja, ni khiyari yake, ingawa hatuoni kuwa ni busara. Lakini msimamizi wa mali ya mayatima, mweka hazina wa msikiti, na yule aliyekusanya fedha za jamaa za safari ya Haji, hawa hawana khiyari hiyo. Hiyo ndiyo amana ya kweli, na iko juu ya shingo zao, si juu ya benki. Kusema "meneja ni mtoto wa ami yetu" si hoja. Meneja wa tawi haoni vitabu vyote vya benki, na siku ya kufungwa milango naye husimama nje. Uvivu wa kupanga foleni mara nne hautakuwa udhuru mbele ya yatima.

Wako pia wanaotawanya mali ili ifichike, zaka isitoke na mke asijue. Hao hatukuwasemea. Bali hata mwenye nia njema huweza kuwadhulumu warithi wake asipoandika fedha zake ziko wapi. Kwa sheria ya Kenya, akaunti isiyoguswa kwa miaka mitano huhisabiwa kuwa haina mwenyewe, na fedha zake hupelekwa kwa mamlaka ya UFAA. Warithi huweza kuzidai, iwapo wajua kuwa zipo. Basi mwenye kugawa na aandike karatasi moja, yenye jina la kila benki na nambari ya kila akaunti, aitie pamoja na wasia wake, na amwambie mtu mmoja amwaminiye mahali ilipo.