Nani anajibu skrini inapokosea?

Mimi ni muuguzi wa zamu ya usiku, na swali langu ni la haki. Kibanio tunachokiweka kwenye kidole cha mgonjwa hupitisha nuru nyekundu na nyingine isiyoonekana kwa macho. Damu yenye oksijeni nyingi hufyonza nuru hizo tofauti na damu iliyopungukiwa. Fikra ya kupima oksijeni kwa tofauti hiyo, aliyoitoa Takuo Aoyagi, mhandisi wa Japani, mwaka 1974, imeokoa watu wengi mno, nami namshukuru kwa dhati. Lakini utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kipimo hiki kilikosa kuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara 3 zaidi kuliko kwa weupe. Wodini kwetu karibu wote ni weusi.

Sasa skrini ikisoma oksijeni asilimia 94 na mama analalamika pumzi haimtoshi, nani atajibu mbele ya Mungu? Wapo watakaomtaja mtengenezaji. Mimi nasema ni yule aliyesimama kando ya kitanda. Mgonjwa ni amana, na amana haikabidhiwi mtambo. Basi nahesabu pumzi dakika nzima, natazama mbavu zinavyoingia ndani, namuuliza, “Mama, unajisikiaje?” Jibu lake naliandika kwenye faili pamoja na namba, daktari asome yote mawili.