Miaka Miwili au Sabini? Kuchagua Vitabu vya Kumsoma Nabii Yeremia

Masomo: Yeremia 28 na 29, Danieli 9:2, Matendo 8:26-40



Shirika zetu za nyumbani zinaanza kitabu cha Yeremia, na walimu wameuliza: tununue komentari gani, yaani vitabu vya ufafanuzi? Wengine wameuliza: kwani Roho Mtakatifu hatoshi? Tuanze na hilo la pili.

1. Roho hutuma wafafanuzi

Towashi wa Kushi, Mwafrika mwenzetu, alikuwa garini akimsoma nabii Isaya bila kuelewa. Roho angeweza kumfunulia papo hapo. Lakini alifanya nini? Alimtuma Filipo alisogelee lile gari, amweleze. Danieli naye, mtu wa ndoto na maono, aliijua hesabu ya miaka 70 kwa kusoma vitabu, tena maneno ya huyu huyu Yeremia. Basi tusimfungie Roho mlango mmoja halafu tuseme tunamheshimu.

2. Si kila sauti tamu ni ya kweli

Mwaka 597 KK Nebukadreza alimchukua mfalme Yekonia na watu wengi mateka mpaka Babeli. Katika sura ya 28 Hanania anasimama hekaluni, anatangaza kwa jina la Bwana: miaka miwili tu, wote watarudi! Yeremia mwenyewe akaitika Amina, maana alitamani iwe hivyo. Lakini neno alilopewa lilikuwa miaka 70. Hanania akafa mwaka ule ule.

Mwalimu, hapo ndipo pa kupimia kitabu. Kabla ya kulipa, fungua Yeremia 29:11, ule mstari tunaouona kwenye kalenda na matatu, kisha uliza:

*Je, kinaanzia mstari wa 10?* Ahadi ya tumaini imefungwa pamoja na miaka 70. Kitabu kinachoikata hapo kinakupa Hanania kwa sauti ya Yeremia.

*Je, kinasema nani aliandikiwa?* Hapa Kiswahili kinatusaidia. Kiingereza kina neno moja kwa mtu mmoja na kwa wengi. Biblia yetu ya Union ya 1952 inasema wazi "ninyi". Ni barua kwa taifa zima lililo uhamishoni.

*Je, kinarudi mstari wa 7?* Neno la Kiebrania shalom, amani, liko pale pia: wautafutie amani mji waliohamishiwa, maana katika amani ya mji ule nao watapata amani. Mungu hakuwaambia wakae juu ya mabegi wakingoja. Aliwaambia wajenge, wapande, waoe, waombe.

Mnaona uzito wake? Dada amefutwa kazi, kodi ya nyumba imefika. Mwalimu anamwambia, "Yeremia 29:11, kufikia Disemba umefunguliwa!" Disemba inapita. Huyo dada atabaki kuwaza ama Mungu alisema uongo, ama imani yake ni mbovu. Ataacha shirika kimya kimya, na hakuna atakayejua ni kwa nini. Lakini angefundishwa kwamba Mungu ana mawazo ya amani hata ndani ya Babeli, na kwamba ile "ninyi" inamaanisha sisi sote tubebe kodi yake pamoja, angesimama.

3. Vitabu vyenyewe

Matthew Henry, mchungaji aliyefariki 1714, anapatikana bure kwenye simu. Anagusa moyo na anasaidia sana kuomba. Lakini aliandika kabla Babeli haijachimbuliwa. Hakujua vibao vya udongo vinavyotaja posho ya mafuta aliyopewa Yekonia huko.

Derek Kidner, katika kitabu chake juu ya Yeremia cha 1987, ni mfupi na mwepisi kwa mwalimu anayetayarisha somo usiku baada ya kazi.

Africa Bible Commentary ya 2006 ilihaririwa na Tokunboh Adeyemo, na waandishi wake 70 ni Waafrika. Wanajua vita, wakimbizi na wafalme wanaokataa kukosolewa. Kwa kuwa Biblia yote imo katika juzuu moja, maelezo ya kila sura ni mafupi.

Ushauri wangu: shirika lichange, linunue Africa Bible Commentary moja, Henry msome kwenye simu, Kidner mtafute hata kwa wauza vitabu vya mitumba huko mjini. Lakini komentari ije mwisho. Soma sura mara tatu. Linganisha Union na Habari Njema. Omba. Andika maswali yako. Ndipo ufungue kitabu cha mtu, na ukipime kwa Maandiko, si Maandiko kwa kitabu.

Kazi ya juma hili

Soma sura ya 28 na 29 kwa mkao mmoja. Kisha shirika lijibu: amani ya Ngara tutaitafutaje, kwa wauzaji wa Fig Tree, kwa jirani wa dini nyingine, kwa aliyeshindwa kodi mwezi huu?

Tuombe

Bwana, utuepushe na Amina ya haraka. Tupe walimu wanaosoma, na masikio yanayostahimili miaka 70. Katika jina la Yesu. Amina.