Presha ya Mama Umeipeleka Wapi?

Masomo: Marko 7:9–13; 1 Timotheo 5:4–8; Wagalatia 6:2–5



Tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, kuna swali linanifuata mlangoni baada ya ibada: "Pastor, wazazi wangu wamezeeka. Niwalipie SHA tu, ama niwatafutie bima ya kampuni?" Kwa vile nilisomea biashara, wengi wanangoja niwape hesabu. Hesabu nitaitoa. Lakini swali hili kwanza ni la amri ya tano, na mimi mwenyewe nusura nianguke nalo.

Mimi na ndugu zangu wawili tulitaka kumtafutia mama bima ya kampuni. Ana miaka 66. Fomu ikauliza kama ana ugonjwa wowote wa kudumu. Mama ana presha na sukari, anameza dawa kila asubuhi. Yule aliyekuwa anatuuzia bima akaniambia kwa sauti ya chini, "Hapo weka la. Ukiweka ndiyo, bei itapanda ama watakataa." Nikaweka la. Kalamu ilikuwa yangu, sitamlaumu yeye. Mama akavaa miwani, akasoma fomu yote, kisha akaniuliza, "Mwanangu, presha yangu umeipeleka wapi?"

Ndugu zangu walicheka. Mimi sikucheka. Mwezi huo huo nilikuwa nimewahubiria ninyi habari za Anania na Safira.

Uongo wa fomu unamwibia nani?

Bima ni kama chama kikubwa. Wengi wanatoa, wachache wanaugua, na pesa ya wengi inawabeba hao wachache. Paulo aliwaambia Wagalatia wabebeane mizigo, na papo hapo akawaambia kila mtu ana mzigo wake mwenyewe. Yote mawili yako ndani ya bima: natoa changu kwa ukweli, na siku nikianguka nabebwa. Anayeficha ugonjwa anataka kubebwa bila kusema uzito wake. Anayeumia si kampuni peke yake. Ni yule mjane aliyejaza fomu yake kwa ukweli, na mwakani malipo yanapandishwa.

Halafu kuna jambo la kawaida la biashara. Mkataba wa bima unasimama juu ya uaminifu. Kampuni ikigundua ulificha, inaweza kukataa kulipa. Na itagundua lini? Mara nyingi ni siku mama amelazwa na daktari ameandika kwamba presha ni ya miaka kumi. Yaani mtoto anadanganya ili amlinde mama, na uongo wake ndio unamwacha mama bila ulinzi.

Na wa SHA wasicheke. Anayesema, "Nitalipa mama akishaugua," naye anakula kwa chama ambacho hataki kuchangia.

"Lakini Pastor, ukweli unafunga mlango"

Hili nililiuliza pia. Ni haki mtu akataliwe kwa sababu amezeeka? Kampuni ni biashara. Inapima hatari, na mzee ni hatari kubwa kuliko kijana. Ndiyo maana nyingi zina kikomo cha umri kwa anayejiunga mara ya kwanza, bei hupanda umri ukipanda, na ugonjwa uliokuwepo mara nyingi husubiri kwa muda kabla ya kulipiwa. Hiyo haigeuki kwa hasira yangu. Ndiyo sababu nchi inahitaji mlango mwingine usiouliza umri wala ugonjwa, na SHA, pamoja na shida zake, ndio mlango huo.

Shida zake tunazijua. Baadhi ya hospitali za binafsi zimewahi kusimamisha huduma kwa sababu ya madai ambayo hayajalipwa. Kila huduma ina kiwango chake, na kinachozidi ni cha mfuko wako. Bima ya kampuni inaweza kukupa hospitali nyingi zaidi na foleni fupi. Lakini ni mkataba wa mwaka. Mwaka ukiisha, mzee ameongeza umri na bei imeongezeka.

Kwa hivyo msichanganye mambo. Sheria inataka kila Mkenya awe SHA, hata mwenye bima ya kampuni. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75, na makato hayo yanamlinda yeye, mwenzi wake na watoto. Wazazi hawamo. Wako watu hapa wanaodhani mama yuko ndani, na hayuko! Mzazi anajiandikisha mwenyewe. Asiye na mshahara hupimwa kipato, halipi chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na hulipa ya mwaka mzima kwa pamoja, yaani kuanzia shilingi 3,600. Lipa hiyo kwanza. Ukibaki na uwezo, ongeza ya kampuni, lakini iwe ile utakayoweza kuilipa hata mwaka wa tano.

Korbani ya siku hizi

Katika Marko 7 Yesu anawakemea watu waliosema mali yao ni wakfu kwa Mungu, ili wasiwasaidie wazazi. Nasema hivi nikijua nani huhesabu sadaka: kama SHA ya mama yako haijalipwa na umeahidi pesa za jengo la kanisa, lipa ya mama. Jengo litangoja. Paulo anamwambia Timotheo kwamba asiyewatunza watu wa nyumbani mwake ameikana imani.

Sisi tuliandika ukweli. Bei iliyorudi hatukuiweza. Tulipouliza mama anataka nini, jambo ambalo tungefanya kwanza, alisema anataka kubaki na daktari anayemjua katika hospitali ya misheni karibu na nyumbani. Tukamlipia SHA ya mwaka, na kila mwezi sisi watatu tunaweka akiba kwenye SACCO kwa yale SHA haitalipa. Si kadi ya kujivunia. Lakini presha ya mama imeandikwa.

Kwa vikundi vya nyumbani

1. Je, wazazi wako wamejiandikisha SHA? Mchango wao umelipwa hadi lini?
2. Umewahi kuwauliza wao wanataka kutibiwa wapi?
3. Kuna fomu yoyote uliyojaza ambayo hungetaka mama yako aisome?

Tuombe: Bwana, tupe mikono ya kuwatunza waliotulea, na midomo isiyodanganya kwa niaba yao. Amina.