Je, Gemu Fupi Ni Hasara?



Kuna hesabu inayopigwa sana hosteli: chukua bei ya gemu, igawanye kwa saa utakazocheza. Gemu ya dola 60 inayokwisha kwa saa 6, kila saa ni dola 10. Ikichukua saa 60, kila saa ni dola 1. Basi ya pili husemwa ina thamani, na ya kwanza ni wizi. Naomba tuipime hesabu hii kwa mizani ya dini yetu. Sizungumzii gemu za kamari au machafu, wala zinazomkosesha mtu sala. Hukumu ya hizo iko wazi.

Hesabu hiyo ina ukweli wake. Mwanafunzi mwenye fedha chache ana haki ya kuuliza atapata nini, na israfu imekatazwa. Kosa lake ni kuziweka saa upande wa faida peke yake. Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi inatufundisha kuwa Siku ya Kiyama mja ataulizwa, pamoja na mengine, kuhusu umri wake na kuhusu mali yake. Ni maswali mawili, na jibu la moja halitoshi kwa jingine. Zile saa 60 hatukupewa na muuzaji, tumezitoa sisi. Gemu ndefu tunailipia mara mbili, na malipo ya pili hayarudi.

Hata wasiotumia mizani hii wameliona hilo. Januari 2022 kampuni ya Techland ya Poland ilijisifu kwamba kuimaliza Dying Light 2 yote kunahitaji angalau saa 500, yaani karibu siku 21 usiku na mchana. Wachezaji wengi hawakufurahi, na kampuni ikabidi ieleze kuwa hadithi kuu ni ya saa 20 hivi.

Sasa suala linagusa uaminifu wetu. Duka la mtandaoni la Steam hurudisha fedha ukiomba ndani ya siku 14, ukiwa umecheza chini ya saa 2. Wako wanaonunua gemu fupi, wakaimaliza, kisha wakadai fedha zao kwa hoja ileile: ilikuwa ya saa moja na nusu tu. Mwaka 2021 mtengenezaji wa Summer of '58, gemu isiyofika saa 2, alitangaza kuiacha kazi hiyo kwa muda usiojulikana kwa sababu ya wingi wa waliorudisha.

Mtu atasema duka limeruhusu. Kweli, na fiqhi yetu pia inaijua khiyari ya kuvunja mauzo. Lakini khiyari humkinga mnunuzi. Haimpi haki ya kutumia kitu chote bure. Masharti ya Steam yenyewe yanasema utaratibu huo si njia ya kupata gemu bila malipo. Surat An-Nisaa, aya ya 29, inakataza kula mali za watu kwa batili na inaweka kuridhiana kuwa msingi wa biashara. Aliyekula sahani yote akashiba, hata kama sahani ni ndogo, hana cha kurudisha.

Basi kabla ya kununua tujiulize yote mawili: itachukua fedha ngapi, na umri kiasi gani? Gemu fupi uliyoimaliza, ilipie. Ndefu inayokula masomo yako, iache hata ukipewa bure.

Wabillahi tawfiiq.